Kila Penye Mama, Weka Malkia

3 Machi

Sasa hivi Mkaguzi ameshika mguu wa meza, akajivuta mpaka juu, akatetemeka kama jokofu kuukuu linapojaribu kuwaka, akanigeukia kuhakikisha namwona, kisha akaanguka kwa matako. Kilio chake ni cha hasira tu, maumivu hana. Ana miezi kumi. Jina lake la kwenye cheti ni refu na zuri, lakini baba yake alimbandika hili la Mkaguzi kwa sababu humu ndani hakuna kitu ambacho hakijapita mikononi mwake, kisha mdomoni. Leo amekagua kifuniko cha kalamu yangu, kandambili ya bibi yake, na ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Ndiyo maana naanzia wa pili.

Mvua zimeanza alfajiri. Nauandika mpango wetu hapa ili baadaye asitokee mtu akasema hatukukubaliana hivyo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, atamshika Mkaguzi kila asubuhi mpaka mvua ziishe. Bosi wa dobi, pale nilipopiga pasi mashuka ya mahoteli miaka minne kabla sijajifungua, atanishikia nafasi yangu mpaka mvua ziishe, maana msimu huu nguo hazikauki na kazi huwa ndogo. Katika muda huo kitabu changu kitafute wasomaji. Nakala ziko mia moja, zimetoka kuchapwa juzi. Zikiisha kabla ya mvua, nabaki nyumbani naandika cha pili. Zisipoisha, narudi kwenye pasi. Na mimi najijua. Nikitoka dobi, mikono inanuka wanga na miguu imevimba, hata orodha ya sabuni na viberiti siwezi kuiandika.

Kitabu kinaitwa Joka Lililokula Sauti. Ni habari za nchi ambayo kila mwezi unapojaa joka linatua uwanjani. Linasema "Simameni", watu wanasimama, linachagua mmoja na kumeza sauti yake. Halafu linasema "Laleni", wote wanalala kifudifudi mpaka lipae. Siku moja binti wa malkia anakataa kulala. Hilo joka ninalo kichwani tangu kidato cha pili, ambacho ndicho nilichoishia. Nimeliandika kwa mkono kwenye madaftari manne, nikampelekea Wino akalipiga chapa. Wino ni yule dada mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapo barabarani. Jina amelipata kwa vidole vyake.

Vitabu tumevihifadhi ndani ya jokofu bovu. Baba Mkaguzi ni fundi wa majokofu na chumba cha mbele ndiyo karakana yake, kwa hiyo mabovu hatukosi. Amechagua ambalo mpira wa mlango bado unabana vizuri ili unyevu usiingie. "Huyu maiti," amesema akilipiga kofi la kirafiki, "atafanya kazi kuliko wazima."

4 Machi

Mvua. Hakuna mteja wa jokofu wala wa kitabu.

6 Machi

Cha kwanza kimetoka. Mwalimu wa darasa la tano alifuata jokofu lake, halijawa tayari, Baba Mkaguzi akampa kitabu. "Kasome hiki, Mwalimu, ukimaliza nami nitakuwa nimemaliza." Mwalimu akakigeuza huku na huku, akauliza mwandishi ni nani. Baba Mkaguzi akaninyooshea bisibisi. Nilikuwa nimembeba Mkaguzi mgongoni na kichwani nina kilemba cha jana. Mwalimu akasema hongera, mama. Nimeisikia hongera hiyo mchana kutwa.

7 Machi

Jino la tano. Hakuna aliyelala.

9 Machi

Naandika polepole leo.

Mama mkwe hajui kusoma, lakini sikio lake halina mchezo. Ndiye aliyeyasikiliza madaftari yote manne, jioni baada ya jioni. Leo mchana, Mkaguzi alipolala, akakaa na rundo lake la nguo za kukunja akasema, "Nisomee hicho cha kuchapwa, nisikie kama ni kile kile."

Nikafungua sura ya pili. Nikasoma kwa madaha, maana kusoma kitu chako kikiwa kimechapwa ni jambo jingine kabisa. "Basi yule binti aliposikia mlio wa mabawa, alisimalkia mlangoni."

Mdomo ulipita kabla kichwa hakijafika.

"Kafanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Alisimalkia."

"Ndiyo, nimesikia. Lakini kafanya nini?"

Nikatazama ukurasa. Alisimalkia. Nikafunua mbele. "Wazee wakasimalkia." Ukurasa wa kumi na mbili, "Mvua ilisimalkia ghafla." Wa kumi na tano, watu wako sokoni, "Kinamalkia walikuwa wakiuza nyanya."

Mama mkwe akaweka shati chini. "Sasa hao malkia wote," akasema, "anayewatawala ni nani?"

Nikacheka, halafu nikaanza kulia, halafu sikujua lipi ni lipi.

Nimeelewa kilichotokea. Kwenye madaftari nilimwita mama wa yule binti mama tu, mwanzo mpaka mwisho. Mama mkwe ndiye aliyesema mwenye nchi hawezi kuitwa mama kama muuza mkaa, aitwe Malkia. Nikaona kweli. Wakati huo Wino alikuwa ameshamaliza kupiga chapa, nikamwambia abadilishe, naye akaiagiza kompyuta ifanye kazi hiyo kwa mkupuo. Na ndani ya neno simama, mwishoni kabisa, amekaa mama. Miaka yote nimesema simama na sijawahi kumwona.

Siku ya kuhakiki Mkaguzi alikuwa na homa ya meno. Nilitazama ukurasa wa kwanza na wa mwisho, nikasema sawa. Ukurasa wa kwanza watu wote wamelala.

Watu hawatasema kompyuta. Watasema ndiyo hayo ya kuishia kidato cha pili. Na Mwalimu anacho kimoja nyumbani kwake.

10 Machi

Nilikwenda kwa Wino na mvua yake, mwavuli umepinduka, maneno nimeyapanga njiani kama mashuka. Nikaweka kitabu mezani nimekifungua.

Akasoma. Akaweka mkono mdomoni. "Jamani," akasema. "Jamani, shoga yangu."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria ulichoniambia. Ulisimama hapo hapo, mtoto analia, ukasema kila penye mama, weka malkia. Nikakuuliza, kila penye? Ukasema hata umkute wapi, hata kama amejificha."

Nilisema hivyo. Nakumbuka hata nilivyojiona nina amri wakati nasema.

"Ungetazama," nikamwambia.

"Na wewe ungetazama."

Ile mashine ya kopi ikawa inapumua peke yake. Nikatoka bila kuaga, na sijisikii vizuri. Lakini bado namkasirikia. Mtu ukiona maandishi yanasema mvua ilisimalkia, huwezi hata kuinua kichwa?

12 Machi

Baba Mkaguzi ametoa hukumu: tutasahihisha kwa mkono, kila nakala, kwa wino mweupe na kalamu. Nilipomwambia ni mahali themanini na sita katika kila kimoja, alifungua jokofu akavitazama, kisha akasema, "Basi tuanze na vyembamba." Vyote ni unene mmoja.

13 Machi

Vitabu vinne. Mkaguzi amekagua kichupa cha wino mweupe. Tumempeleka zahanati, daktari anasema hakumeza kitu, ameota tu ndevu nyeupe za wino.

15 Machi

Wino amekuja. Hakubisha hodi sana, alijipitisha tu mlangoni kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. Amefunga duka lake mchana, akakaa sakafuni karibu na jokofu, akafungua kitabu akaanza kusahihisha bila kuambiwa. Hatukusema samahani, si yeye wala mimi. Kama baada ya saa nzima akasema, "Hapa joka limesimalkia juu ya paa. Hivi paa lilistahimili?" Nikacheka mpaka kalamu ikanitoka.

18 Machi

Wino amekuja tena, mara ya tatu. Vilivyosahihishwa sasa ni ishirini na vitatu. Mkono wangu umekuwa kama si wangu. Mama mkwe amesema leo magoti yake hayataki kusimalkia. Baba Mkaguzi amemwambia mteja kwamba mota ya jokofu lake imesimalkia, mteja akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akauliza kipuri kinapatikana wapi.

Nimewaambia waache utani huo. Wamesema wameacha.

20 Machi

Mwalimu amefika. Nilimwona dirishani nikatamani kuingia ndani ya jokofu na vitabu vyangu.

Ameweka kitabu mezani. Karibu kila ukurasa una duara jekundu. "Mama Mkaguzi," amesema kwa upole, na upole ndio uliouma, "nimekuta makosa themanini na sita, na yote ni kosa moja."

"Najua, Mwalimu."

"Basi nikajiuliza kama ni makusudi."

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Ni kompyuta, Mwalimu. Na ni mimi." Nikampa kilichosahihishwa. Ameshukuru, ameondoka na jokofu lake. Nilisahau kumwomba kile chenye madoa mekundu akiache, na yeye amekibeba na kile kingine. Kuhusu hadithi yenyewe hakusema kitu. Siku nzima najiambia labda alikuwa na haraka.

26 Machi

Wiki nzima hakijatoka hata kimoja, na kusahihisha nimeacha. Jokofu limejaa mpaka kwenye sehemu ya barafu.

2 Aprili

Bosi wa dobi amepita na mwavuli wake mkubwa wa hoteli. Akauliza, "Vitabu vinaendaje?" Nikasema vinaendelea. Akasema, "Mimi nafasi yako ninayo. Lakini jua likitoka mara mbili mfululizo nitataka jibu." Ni mtu mzuri, sina ubaya naye. Baada ya yeye kuondoka nilijikuta natazama mawingu nikiyaomba yasiondoke, nadhani mimi peke yangu mtaa mzima.

Mama mkwe naye siku hizi anatoka kila asubuhi na Mkaguzi mgongoni, anasema anampeleka kupata hewa. Hewa gani kwenye mvua? Nahisi amechoka kukaa hapa na kitabu changu. Nahisi anahesabu siku nirudi kazini kila mtu apumzike. Simlaumu. Lakini ninaandika kwa sababu kusema siwezi.

7 Aprili

Kuna jambo limetokea, nami sijui nilifurahie au niliogope.

Saa nane mchana waligonga wanafunzi wawili wa kike, sare zimelowa mpaka kiunoni. Mmoja ana pengo kubwa mbele, ndiye msemaji. Akauliza kama hapa ndipo wanapouza joka. Nikasema ndipo. Nikawatolea nakala safi, iliyosahihishwa, niliyoifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Yule wa pengo akafunua, akatafuta, akakunja uso.

"Siyo hiki. Tunataka vile vibovu."

"Vibovu vipi?"

"Vile vyenye kusimalkia."

Mwenzake akamfinya. Kumbe Mwalimu, siku za mvua wasipoweza kutoka nje, anawasomea kipindi cha mwisho. Anasoma kile kisafi, anasema simama. Lakini kile chenye madoa mekundu alikiacha kabatini, nao wamekipata. Sasa darasa zima linajua kwamba kuna kitabu ambacho Mwalimu anasoma na kingine ambacho anakificha.

Wameondoka na viwili, vibovu. Baba Mkaguzi alikuwa amesimama katikati ya chumba na kompresa mikononi. "Miaka kumi na moja nauza vitu vizima," akasema, "hakuna aliyewahi kuja kuniuliza kibovu."

8 Aprili

Sita. Vibovu vyote.

9 Aprili

Tisa. Na kijibarua kutoka kwa Mwalimu: wanafunzi wanamwuliza maswali asiyoweza kuyajibu, je, mwandishi anaweza kuja darasani Jumanne?

11 Aprili

Nyumba nzima ina maoni.

Mama mkwe: "Waambie ulilitunga. Nani atajua? Neno ni lako, limetoka kwenye kitabu chako."

Baba Mkaguzi: "Si uongo. Umelitunga bila kukusudia. Hata huyu Mkaguzi hatukumpanga tarehe." Mama mkwe akamtupia soksi.

Wino: "Sema chochote, shoga, ila usinitaje. Nina wateja wa barua za mahakama."

Ni rahisi sana kukubali. Watoto wameshaamini. Nikisema ni makusudi, nakuwa mwandishi hodari aliyebuni lugha ya nchi yake. Nikisema ni kosa, nakuwa yule wa kidato cha pili ambaye hakutazama, na huenda habari ikaishia hapo hapo, na jokofu likabaki lilivyo. Nimejaribu mbele ya kioo kusema "nilibuni". Uso wangu ulikataa.

15 Aprili

Nimerudi. Mkaguzi amelala kifuani pangu, naandikia juu ya kichwa chake.

Darasa lilikuwa linanuka masweta mabichi. Kwenye kona kuna ndoo inayopokea maji ya paa, tone, tone, na kila mtu ameshaizoea. Mwalimu akasema, "Simameni," wakasimama wote kunisalimu, arobaini na kitu, viti vikapiga kelele. Nikaketi kwenye kiti cha Mwalimu na miguu yangu haikugusa chini vizuri.

Yule wa pengo alikuwa ameinua mkono tangu nilipoingia. "Mwandishi, nina swali. Wanaoweza kusimalkia ni watu tu, au hata vitu? Maana ukurasa wa kumi na mbili mvua ilisimalkia."

Mwingine akadakia, "Nilimwambia mvua haiwezi, mvua haina moyo."

"Joka nalo lilisimalkia juu ya paa. Joka lina moyo?"

Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nimekaa. Nilikuwa sijawahi kusikia watu nisiowajua wakibishana juu ya joka langu. Wanayajua mambo yake kuliko mimi. Kuna mmoja aliyeniambia mkia wake una miiba saba, na mimi niliandika tu kwamba una miiba.

Hapo nikaona siwezi kuwadanganya hawa. Nikasema, "Jamani, ngojeni. Lile neno ni kosa."

Tone, tone.

Nikawaeleza yote. Nilivyomwita malkia mama, nilivyoambiwa hapana, nilivyosema kila penye mama weka malkia, hata kama amejificha. Kwamba nilikuwa na mtoto mgonjwa na sikutazama. Wino sikumtaja, nilisema kompyuta. Nikasema niliishia kidato cha pili, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, lakini lilitoka lenyewe.

Walinitazama. Nikasubiri kicheko.

Yule wa pengo akashusha kitabu chake. "Lakini joka lenyewe," akasema, kama mtu anayeniwekea sawa hesabu niliyokosea, "likiwaamrisha watu, halijawahi kusema simalkieni. Linasema simameni. Kila mahali. Tumetafuta."

"Mara ishirini na moja," mwenzake akasema.

Nikamtazama Mwalimu, Mwalimu akanitazama. Akainuka, akaenda ubaoni, akaandika simama, akapiga mstari chini ya herufi nne za mwisho. Akaandika simameni, akatafuta mama ndani yake kwa chaki, hakumwona. "Hayumo," akasema taratibu. "Kompyuta haikumwona, kwa hiyo haikugusa." Hata yeye na maduara yake yote themanini na sita, hilo lilikuwa limempita.

"Sisi tulijua," yule wa pengo akasema. "Ukiamrishwa, unasimama. Ukiinuka mwenyewe, unasimalkia. Ndiyo maana mvua inaweza. Hakuna aliyeiambia iache kunyesha."

Sikujua niangalie wapi. Miaka yote nimeandika hadithi ya watu wanaosimama kwa sababu mbili tofauti, na neno nilikuwa nalo moja.

"Kwa hiyo siyo kosa?" akauliza mtoto wa nyuma.

"Ni kosa," Mwalimu akasema. "Kwenye mtihani ukiandika hivyo nitakukata alama." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kicheko kilichonitoka tumboni kama mtu aliyetua gunia.

Wakati wa kutoka Mwalimu alinisindikiza mpaka mlangoni. Amesema siku ile ya kwanza alikuwa amemaliza kitabu kwa usiku mmoja, na yale maduara aliyachora mara ya pili. Mara ya kwanza, amesema, hakuona kosa hata moja, kwa sababu alikuwa anataka kujua yule binti atafika wapi.

Angeniambia hilo tarehe ishirini ningelala.

16 Aprili

Nimekwenda kwa Wino mapema, kabla hajafungua. Nimemwambia samahani. Akasema, "Ya nini tena?" huku anatafuta funguo ambazo ziko mkononi mwake. Kisha akasema na yeye pia. Tumefungua duka pamoja.

22 Aprili

Vibovu vimebaki kumi na moja tu. Vilivyosahihishwa havitakiwi na mtoto yeyote. Baba Mkaguzi amejaribu kufuta wino mweupe kwa dawa ya kusafishia mabomba, akafuta na ukurasa. Viwili vimekwenda hivyo. Vilivyobaki Wino amevichukua akaviweka karibu na mashine ya kopi. Anasema wapo watu wazima wanaopenda simama yao iwe simama.

29 Aprili

Leo nimejua mama mkwe anakompeleka Mkaguzi kupata hewa.

Alikuja mama mmoja nisiyemjua, ana mtoto wa umri wa Mkaguzi, akauliza kama hapa ndipo kwenye jokofu. Nikasema jokofu gani, yako mengi. Akasema lile lenye mwisho wa hadithi.

Kumbe mama mkwe, asubuhi zote hizi, anakwenda kukaa kwenye benchi la zahanati, pale kinamama wanaposubiri kupima watoto uzito, anawasimulia kitabu changu. Kwa kichwa, sura kwa sura, na sauti ya joka anaiga. Akifika mahali patamu anasimama, anafunga kanga, anasema, "Kilichobaki kiko kwenye jokofu la mwanangu," anaondoka.

Amerudi saa sita, nepi ya Mkaguzi imelowa, yeye mwenyewe viatu vinalia maji. Nikamwambia, "Mama, umekuwa ukienda zahanati na magoti hayo."

"Hewa nzuri kule," akasema.

Nimerudi kusoma nilichomwandikia tarehe mbili. Nilitaka kuchana ukurasa, nikauacha. Niliamini hivyo siku ile, na nilikosea, basi ukae hapo nione.

8 Mei

Mkaguzi ameachia meza, akakaa wima bila kushika kitu, muda wa kuhesabu mpaka nne. Kisha akapiga hatua moja kuelekea bisibisi ya baba yake. Sote tulikuwa chumbani na hakuna aliyepumua. Nikapiga kelele ya furaha, akashtuka, akaanguka. Bibi yake amenigombeza mpaka jioni.

13 Mei

Mvua za hapa na pale. Vimebaki vitatu, na vya kwa Wino vimekwisha.

17 Mei

Kimoja. Nimekificha chini ya godoro, halafu nimeona aibu, nimekirudisha.

19 Mei

Muuza maziwa amekichukua cha mwisho, kwa ajili ya binti yake. Baba Mkaguzi akafungua jokofu, akaingiza kichwa chote ndani, akaita jina langu humo, likajibu mwangwi. Mama mkwe akasema atoke kabla mpira haujaharibika. Nje bado inanyesha. Nimekaa jikoni nikasikiliza mvua juu ya bati, na kwa mara ya kwanza tangu Machi sikuiomba iendelee. Inaweza kwenda ikitaka.

23 Mei

Jua jana, jua leo. Nguo zimetanda mtaa mzima mpaka kwenye nyaya.

Wino amekuja asubuhi na kompyuta yake ndani ya mfuko wa nailoni. Watu wanamwulizia vingine, anataka kuchapa tena. "Sasa niambie vizuri," akasema, "na useme polepole, naandika. Nimrudishe mama mahali pake, au nimwache malkia?"

Nikamwambia safari hii hakuna kila penye. Tumekaa wawili tukapita sentensi moja moja, tunajiuliza huyu hapa ameamrishwa au ameinuka mwenyewe. Kazi ya dakika moja ya kompyuta imetuchukua asubuhi nzima na bado tuko sura ya tatu. Tumegombana juu ya walinzi wa lango. Yeye anasema walinzi siku zote wameamrishwa, mimi nasema mmoja wao hapana, yule mwenye kikohozi. Sikuwa nimejua hilo juu yake mpaka niliposema. Nadhani cha pili kitakuwa chake.

Tulipofika sokoni nikasema hapo basi irudi kinamama, wale ni wauza nyanya tu. Mama mkwe akatokea jikoni na mwiko. "Waache hao," akasema. "Umewapa heshima, unawanyang'anya kwa nini?" Wamebaki kinamalkia.

Wino amekwenda kula. Mkaguzi yuko chini ya meza na kifuniko cha kompyuta, sijui amekitoa wapi. Mama mkwe amesema msimu ujao pia atamshika, mvua au jua, mradi nisimwue yule mlinzi. Nilitaka kuandika sentensi ya kwanza ya cha pili hapa hapa kabla haijakimbia, lakini naitwa. Ni mama mkwe, anaita kutoka mlangoni, anasema bosi wa dobi amefika mwenyewe na amekataa kukaa. Jibu lake ninalo. Nitamshukuru kwa kunisubiri, maana alinisubiri kweli, na nitamwambia kama ana jokofu bovu alilete, lakini ile pasi amtafutie mtu mwingine, kwa sababu mimi kuanzia kesho asubuhi nina mlinzi mwenye kikohozi wa kumwandika.